Kingatiba si ya wenye mabusha peke yao

Hoja kwamba asiye na busha wala matende hana haja ya kumeza kingatiba inaanguka mara tu tunapoutazama mwili wa mnyoo anayeleta magonjwa hayo. Wuchereria bancrofti ni mnyoo duara mwembamba kama uzi. Jike hufikia sentimita 8 hadi 10, na ganda lake la nje, gumu lakini nyumbufu, humkinga akiishi ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka 6 hadi 8. Muda huo huzaa mamilioni ya vibuu, navyo hujitokeza kwenye damu usiku, saa zilezile mbu wanapouma. Kwa hiyo mkazi wa Kitaya, kando ya mabonde ya Ruvuma, anaweza kuwa chanzo cha maambukizi bila kuonyesha dalili yoyote.

Wapo watakaouliza: mbona tunameza na mabusha bado yapo? Ni kwa sababu dawa za kingatiba, ivermektini na albendazoli, huua hasa vibuu, si minyoo wakubwa wote. Na busha lililokwisha kujaa maji hutibiwa kwa upasuaji. Kidonge hakifuti ya jana. Kinalinda kesho, mpaka mnyoo mzee afe bila kuacha mrithi.