Nasaha: Mlango Usifungwe

Ndugu zetu wazazi, twasikia wengi wakinena, "Kijana huyu kesha potea." Nasi tulipata kumfukuza mmoja chuoni kwa sababu ya ulevi, na hata leo twajuta. Malcolm X wa Marekani alifiwa na babaye mwaka 1931, naye ni mtoto wa miaka sita. Ujanani akazama katika kokeini na wizi, na mwaka 1946 akafungwa. Gerezani alinakili kamusi kwa mkono wake, maana alikwisha kutambua ujinga wake. Hija ya mwaka 1964 ikamwonyesha kosa lake la kuwahukumu watu kwa rangi, naye akalikiri hadharani. Nafsi haijulikani kwa siku moja. Basi ajaye na majuto tumpokee; mlango wa toba Mwenyezi Mungu hakuufunga, sisi tuufunge kwa nini?