Waraka kwa Wanachama: Tusimjue Mbunge Siku ya Ngoma Tu

Kwa wanachama wote wa jumuiya yetu, Portland, Lewiston na miji ya jirani, Maine
Kutoka kwa Katibu
YAH: Barua za wabunge wetu na vikao vya Augusta

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana,



Mara kwa mara mbunge wetu katika Bunge la jimbo hutuletea barua ya habari. Juu ameweka miswada inayojadiliwa Augusta, yalipo makao ya Bunge hilo, katikati mambo ya usalama, na chini kabisa sherehe na mikutano ya mtaani. Mnajua wenyewe ni sehemu gani inayosambazwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Ni ile ya chini. Ikifika Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, vitenge vinapigwa pasi tangu jana yake, ngoma zinapakiwa garini, na sambusa zinakwisha kabla mgeni rasmi hajasimama. Sina ugomvi na sherehe; na mimi hula. Lakini mbunge aliyetujua kwa sambusa atatukumbuka kwa sambusa. Nawaandikia ili tuanze kuisoma barua hiyo kuanzia juu.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Bunge la Maine lina wawakilishi 151 na maseneta 35, na wote huchaguliwa upya kila baada ya miaka 2. Watu wa jimbo zima ni kama milioni 1.4, kwa hiyo mwakilishi mmoja ana watu kama 9,000 tu. Kenya ina majimbo ya uchaguzi 290, na sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47. Pigeni hesabu wenyewe muone kule mbunge mmoja amebeba watu wangapi. Hapa unaweza kumkuta mbunge wako dukani anachagua viazi, na ukimpigia simu kuna uwezekano mkubwa apokee mwenyewe.

Ila wengine wetu tumekuja na mazoea ya nyumbani. Mbunge wa huku hana mfuko wa jimbo wa kugawa, na si vizuri kumpelekea kadi ya mchango wa harusi. Kibali cha kazi na kesi ya hifadhi si mambo yake pia. Hayo ni ya Washington, na huko tuna maseneta wawili na mbunge wa Kongresi ambao ofisi zao hupokea barua za watu waliokwama. Gari lako likivutwa usiku wa theluji, malalamiko ni ya baraza la jiji. Tukienda mlango usio wetu tunarudi tukisema serikali haisikii.

Sasa kipi ni cha Augusta? Karibu kila kinachokugusa ukishafunga mlango wa nyumba. Ni sheria ya jimbo inayomtaka mwenye nyumba akupe notisi ya maandishi ya siku 45 kabla ya kupandisha kodi, na siku 75 kama nyongeza ni asilimia 10 au zaidi. Ni sheria ya jimbo inayomkataza kudai amana inayozidi kodi ya miezi 2. Na kwa wale wanaolala na makoti: pale ambapo joto limo ndani ya kodi, mitambo ya mwenye nyumba lazima iweze kufikisha nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Selsiasi. Sheria imetaja hata mahali pa kupimia: futi 3 kutoka ukuta wa nje, futi 5 kutoka sakafuni. Nunua kipimajoto, kiweke hapo, piga picha yenye tarehe, kisha ndipo umwandikie mwenye nyumba. Maneno ya "nyumba ni ya baridi sana" hayana uzito wa picha hiyo. Watoto wetu nao wanakula asubuhi na mchana shuleni bila malipo kwa sababu jimbo hili, pamoja na California, lilitangulia majimbo mengine kulipia chakula cha kila mwanafunzi wa shule za umma, kuanzia mwaka wa masomo 2022. Hayo yote yalikuwa miswada kwanza. Watu walikwenda kuisemea.

Na hapo ndipo tunapokosekana. Maine ina desturi nzuri ambayo majimbo mengi hayana: karibu kila mswada hupewa kikao cha wazi mbele ya kamati, na yeyote anaruhusiwa kusema. Kamati nyingi zina watu 13, maseneta 3 na wawakilishi 10, wamekaa pamoja. Hawakuulizi uraia. Unaweza kufika mwenyewe, kuzungumza kwa njia ya video, au kutuma maandishi. Unachotakiwa kujua ni namba ya mswada, ile inayoanza na herufi LD, na kama unaunga mkono, unapinga, au huna upande.

Kawaida mzungumzaji hupewa dakika 3. Ndugu zangu, salamu zetu peke yake zinakula dakika 3. Ukianza kumtambua mwenyekiti, makamu wake, wazee waliopo, kisha ukatoa shukrani kwa niaba ya Waafrika wote, kengele italia hujataja shida yako. Itifaki ihesabu imezingatiwa. Sema jina lako, mji unaoishi, namba ya mswada, kisha eleza jambo moja lililokupata: kodi ilikuwa kiasi gani, ikapanda kufika kiasi gani, notisi uliipata lini. Mama aliyeleta barua ya mwenye nyumba mkononi na kusoma tarehe yake ana nguvu kuliko msomi aliyekuja kuzungumzia haki kwa jumla. Mkalimani tutamtafuta sisi.

Lakini naomba hili lisikike vizuri. Ushuhuda wa maandishi ni kumbukumbu ya umma. Unawekwa wazi na jina lako, na mtu yeyote duniani anaweza kuusoma. Mwenye kesi ya hifadhi ambayo haijaamuliwa aongee na wakili wake kabla ya kuandika lolote kuhusu safari yake au nchi aliyoikimbia. Kodi na joto la nyumba ni salama zaidi kuzungumzia. Na asiye raia asijiandikishe kupiga kura, hata kama ana kadi ya kijani, hata kama karani wa leseni ameisukuma fomu mbele yake kwa tabasamu. Saini hiyo inaweza kukutoa nchini. Kutoa maoni ni ruhusa kwa wote, kura ni ya raia. Walio raia, hamna udhuru.

Kuhusu usalama nitakuwa mkali kidogo. Nimeingia nyumba za wanachama nikakuta ving'amuzi vya moshi vimevikwa mfuko wa plastiki kwa sababu hupiga kelele chapati zikiungua, na betri zake nimezikuta kwenye rimoti ya televisheni. Vyumba vya kupanga vinatakiwa kisheria kuwa na king'amuzi cha gesi ya kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Ni ileile inayoua watu kwetu wakilala na jiko la makaa ndani, na huku huletwa na jenereta, tanuri bovu au bomba la moshi lililozibwa na theluji. Rudisheni betri leo.

Usiku wa tarehe 25 Oktoba 2023, watu 18 walipouawa kwa risasi Lewiston na wakazi kuambiwa wajifungie ndani, wengi wetu tulikuwa tukirushiana uvumi kwenye simu. Hatukujua nani wa kumwamini. Baadaye watu walijaa Augusta kusema, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sharti la mnunuzi wa bunduki kusubiri saa 72. Sauti zetu hapo zilikuwa chache mno kwa watu tunaoishi katikati ya mji ule.

Wasomali wametuacha mbali katika jambo hili. Mwaka 2022 Deqa Dhalac wa South Portland na Mana Abdi wa Lewiston walichaguliwa kuingia Bunge la jimbo. Hawakufika huko kwa kupiga ngoma.

Basi kila familia imteue mtu mmoja, awe kijana wa sekondari ikibidi, wa kusoma barua ya mbunge na kutufasiria sehemu ya juu kwenye kundi kabla ya kutuma tangazo la sherehe. Kikao kijacho cha miswada ya nyumba tutakwenda pamoja. Kutoka Portland ni mwendo wa saa moja. Atakayekwenda amwone Katibu baada ya mkutano wa Jumamosi, ataje idadi ya watoto atakaokuja nao, na viti vyao vya gari alete mwenyewe.

Wenu katika umoja,
Katibu