Mpeni Mwanafunzi Hodari Nafasi ya Zimwi

Ndugu zangu malenga na wapenzi wa lugha, nimechoka kusikia walimu na wazazi wakiilaani michezo ambamo kijana huigiza kuwa zimwi. Husema michezo hiyo ni ya kigeni, tena kwamba anayevaa ngozi ya zimwi hubaki nayo mwilini. Nazikataa hoja zote mbili.

Shabaha yao siku hizi ni mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, ambao wajukuu zetu walioko mijini wanaufahamu. Wachezaji huizunguka meza, mmoja akiwa msimulizi, wengine kila mtu akisema kwa kinywa cha mhusika wake, na dadu huamua yaliyo ya bahati. Ni utambaji wa hadithi wa watu wengi kwa pamoja, basi. Katika miaka ya 1980 wapo Wamarekani walioushutumu kuwa ni ibada ya shetani. Hata Gary Gygax, mmoja wa waasisi wake, katika kitabu cha waongoza mchezo cha mwaka 1979, hakupenda mchezaji achague kuwa dubwana. Alishuku kwamba mtu huyo anatafuta nguvu za kuwatawala wenzake. Kumbe walaani wetu wana mwenzao ng'ambo, tena ndani ya nyumba yenyewe ya mchezo!

Lakini ugeni uko wapi? Nani aliyelelewa Bariadi asiyemjua Shing'weng'we, aliyemeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi? Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua alikuwa akiua mnyama na kumwuliza mama kama huyo ndiye, na mama akijibu siye, hadi siku alipomwua zimwi mwenyewe na kulipasua, watu wakatoka hai. Bibi zetu hawakuisimulia habari hiyo kwa sauti moja. Ilipofika zamu ya zimwi, sauti ilizama kifuani, mabega yakapanda, nasi watoto tukasogea nyuma kana kwamba bibi hayupo tena. Na Ebrahim Hussein, katika *Mashetani* ya mwaka 1971, aliwaweka vijana wawili wacheze, mmoja akiwa Shetani na mwingine Binadamu. Hakuagiza mchezo huo Marekani.

Linaloniudhi zaidi ni la shuleni. Kila tulipoigiza hadithi hii, shule baada ya shule, niliona walimu wenzangu wakimpa mtukutu nafasi ya zimwi, au yule asiyeweza kukariri, angurume mara mbili kisha afe. Mimi nilimpa msichana aliyeongoza darasa kwa Kiswahili. Akaniuliza: "Mwalimu, zimwi likishawameza wote, linazungumza na nani?" Sikumjibu, nilimwambia aliandikie maneno yake. Hadithi inasema watu walikuwa hai mle tumboni. Msichana yule aliandika zimwi linalosikia usiku kucha kijiji kizima kikinong'ona ndani yake, na hakuna hata mmoja anayelijibu.

Sasa tuje kwenye ngozi isiyovulika. Wakati wa kulipasua zimwi, Masala Kulangwa alimkata sikio bibi mmoja aliyekuwa ndani. Bibi alikasirika, akataka kumroga. Wasimulizi wengi hupita hapo upesi. Mimi hapo husimama, kwa sababu ninaishi Usukuma. Bariadi yetu, iliyokuwa sehemu ya Shinyanga kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, inawajua bibi waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, ushahidi ukiwa macho mekundu. Macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, wa kuni na wa samadi ya ng'ombe. Waliowaendea usiku na mapanga walijiona akina Masala Kulangwa. Walikuwa wameigiza shujaa tangu utotoni. Nionesheni mtoto mmoja aliyegeuka mla watu kwa kuigiza Shing'weng'we, nami nitawaonesha makaburi.

Nasi washairi tusijitoe. Mazimwi ya tungo zetu hutukanwa kutoka mbali: fisadi ni fisi, mkoloni ni nyoka, na wala hatuwaachii ubeti. Ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza, zilikuwa na nafasi ya kutosha kwa sauti ya pili. Tumeifanyia nini? Mpinzani husema upuuzi beti tano, kisha hukiri kosa na kushukuru. Hayo si majibizano. Ni hotuba iliyogawiwa watu wawili.

Basi anayetaka kunipinga aandike ngonjera kati ya Shing'weng'we na bibi aliyekatwa sikio. Alipe zimwi beti sawa na za bibi, zenye vina na mizani kamili, na asilikirishe kosa kwenye ubeti wa mwisho. Akimaliza, ampe mwanafunzi wake hodari kuliko wote alighani zimwi mbele ya wazazi.