Shati Lenye Akili Litafuliwa na Nani?

Haya wasomaji wangu, leo tuweke kando habari za programu na tarakilishi tuzungumze kuhusu nguo. Ndiyo, nguo! Kila baada ya muda msomaji hunitumia kiungo cha habari kwamba shati linalopima mapigo ya moyo liko njiani. Ndugu zangu, shati hilo liko njiani tangu 1996. Mwaka huo Sundaresan Jayaraman na wenzake wa Georgia Tech, Marekani, walianza kufuma fulana yenye nyuzi za kupitisha mwanga, kwa fedha za jeshi la wanamaji. Askari akipigwa risasi, nyuzi zinakatika, na mashine inajua risasi imeingilia wapi.

Wazo lenyewe si gumu. Uzi wa nailoni ukipakwa madini ya fedha hupitisha umeme. Ufume kiraka kinachogusa kifua, na umepata elektrodi bila ile jeli baridi ya hospitalini. Tatizo ni kwamba umeme wa moyo ukifika kwenye ngozi ni kama milivolti 1 tu. Mtu akiinua mkono kitambaa kinateleza, na mchoro unaruka kuliko mapigo yenyewe. Ongeza mvumo wa hertzi 50 wa umeme wa nyumbani. Sisi waandishi wa programu tunajidai kwamba tutachuja kelele zote, lakini ukichuja kupita kiasi unafuta hata dalili ya ugonjwa.

Sasa njooni kwenye karai. Matangazo husema nguo hizi zinafulika. Zinafulika, ndiyo, kwa mashine, mzunguko wa polepole, sabuni laini. Kwetu nguo hufikichwa kwa vifundo vya mikono, sabuni ya kipande, na ikiwa nyeupe hutiwa jiki kisha inaanikwa juani. Msuguano unakwangua ile fedha, na jiki inaimaliza. Hakuna programu itakayorudisha uzi uliokwanguka.

Na hata uzi ukidumu, programu je? Mwaka 2017 Google na Levi's walitoa jaketi la Jacquard, ukipapasa mkono wa jaketi unaamuru simu. Halikupima afya, lakini lina funzo: mwaka 2023 Google walizima programu yake. Jaketi bado zima, zipu inafunga vizuri, ila ule mkono sasa ni kitambaa tu. Sasa fikiria hilo limempata mgonjwa wa moyo!

Kwa maoni yangu tumekazania vazi lisilofaa. Mapigo ya moyo hata saa ya mkononi inapima. Apple waliweka ECG kwenye saa yao mwaka 2018. Nguo ipewe kazi ambayo saa haiwezi. Mimi ningeanza na soksi ya mgonjwa wa kisukari.

Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu huua neva za miguu. Mtu anakanyaga kokoto au msumari, hasikii, na siku ya kugundua, kidonda kimeshaoza na daktari anazungumzia kukata. Lakini kabla ngozi haijapasuka, mahali panapoumia huwa na joto zaidi. Ukilinganisha sehemu ileile ya mguu wa kulia na wa kushoto, tofauti ya zaidi ya digrii 2.2 za Selsiasi siku mbili mfululizo ni onyo: punguza kutembea, nenda ukaonwe. Hiyo ni hesabu ya kutoa! Haihitaji akili bandia wala seva ughaibuni, na milivolti hazimo. Kampuni ya Siren ya Marekani tayari inafuma vihisi vya joto ndani ya soksi.

Kweli, kipimajoto cha mkononi na daftari vinaweza kufanya kazi hiyohiyo, tena kwa bei nafuu, na mwenye nidhamu aanze navyo. Soksi ni ya sisi wasahaulifu. Tena takwimu zibaki kwenye simu ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti.

Najua mtaniuliza: Mombasa, joto lote lile, nani atavaa soksi? Swali zuri. Basi anayeweza kuvitia vihisi hivyo kwenye soli ya ndara aniandikie. Programu yake nitaiandika bure.