Mtoto si Mzigo wa Mpagazi



Kila mwaka unapokaribia kwisha, wazazi wa Nzega huulizana: "Wa kwako utampeleka wapi?" Swali ni jema, majibu ndiyo yanayosikitisha. Mmoja hutaja sare, mwingine gari la shule, wa tatu Kiingereza anachokariri mtoto wa jirani bila kukielewa. Ni wachache wanaomtaja mwalimu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi twakimbilia kile kinachojitembeza.

Katika nchi hii ya Unyamwezi, wazee wetu walibeba pembe za ndovu na bidhaa za wengine hadi pwani. Walikuwa watu wazima, nao walijadiliana ujira wao. Mtoto wa miaka minne hakujadiliana na mtu. Twamtwika madaftari, mazoezi ya nyumbani na fahari ya wazazi wake, kisha twamwamuru atembee.

Wako waliothubutu hata kuwapeleka wachanga hao bweni. Kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2023, Serikali ilisitisha bweni kuanzia darasa la awali hadi la nne. Ni aibu kwetu kwamba ilibidi waraka utukumbushe kuwa mtoto wa miaka mitano hulala kwao. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulikwisha kutamka mwaka 1965 kuwa wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao. Wajibu huo haulipiwi ada ukahamia kwa mwingine.

Mwenye kutupinga atasema: "Darasa la awali la Serikali limefurika." Ni kweli. Kanuni yataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, na ziko shule nchini ambako mwalimu mmoja hukabili zaidi ya mia. Ada ilipofutwa Januari 2016, watoto wa maskini waliingia kwa wingi, na hiyo ni haki. Lakini haki haikomi mlangoni. Mwenye uwezo akimwondoa mwanawe, huondoka pia na sauti yake. Mkutano wa shule hubaki na wale wasiosikilizwa. Mchague shule mtakayo, lakini msimwache mtoto wa jirani peke yake. Na chekechea ya parokia ikimrudisha nyumbani mtoto wa mjane kwa sababu ya ada, isijiite ya Kanisa.

Basi, kabla ya kumwandikisha mtoto, nendeni shuleni saa nne asubuhi bila kutoa taarifa, mkatazame haya:

1. Je, watoto wanacheza, wanaimba na kuuliza, au wamekaa kimya wakinakili ubao? Katika umri huu mchezo ndio somo.

2. Je, mwalimu anawajua kwa majina? Je, mtoto aliyetoka nyumbani na Kisukuma au Kinyamwezi anasaidiwa kuingia katika Kiswahili, au anachekwa?

3. Je, fimbo iko wapi? Ikiwa mezani, rudini na mtoto wenu.

4. Je, pana maji, uji, na choo kinachomfaa mtoto mdogo? Je, njiani anavuka barabara kuu ya malori?

5. Je, pamesajiliwa? Kituo cha kulelea watoto mchana husajiliwa na Ustawi wa Jamii kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Darasa la awali husajiliwa na Wizara ya Elimu. Cheti kionyeshwe.

Maswali haya hayahitaji fedha wala kisomo kikubwa. Yahitaji asubuhi moja.

Kwa hiyo twaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zote: kila moja ichague watu wawili, hata wasio na mtoto shuleni, wahudhurie mkutano ujao wa shule ya mtaa au kijiji chao na kuuliza hadharani: watoto wa awali ni wangapi, mwalimu wao ni nani, na wanakula nini? Majibu yasomwe katika jumuiya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na watoto wa Nzega ni wetu sote.