Mbagala Inakua, Madarasa Yako Nyuma

Anayetaka kujua Dar es Salaam inapanukia wapi aende Mbagala, Chamazi au Chanika: nyumba ambazo hazijapigwa plasta, viwanja vilivyopimwa kwa hatua za miguu, na watoto kila kona. Sensa ya 2022 iliupa mkoa huu watu zaidi ya milioni 5.3.

Mwaka 2016 ada zilifutwa hadi kidato cha nne. Ulikuwa uamuzi mzuri, tena uliochelewa, ila madarasa hayakwenda na kasi ya ongezeko la wanafunzi. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi. Pembezoni mwa jiji zipo shule zinazosomesha kwa zamu, asubuhi na mchana. Madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa fedha za kukabiliana na UVIKO-19 yalisaidia nchi nzima, lakini 12,000 kati yake yalikuwa ya sekondari.

Kufika shuleni nako ni shughuli. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, hivyo konda huziba mlango kwa mkono: “Denti wawili tu!” Wanaobaki kituoni huingia darasani kipindi cha kwanza kimeshakwisha.

Wa kuulizwa kwanza kuhusu uhaba huu wa shule ni halmashauri zinazoacha mitaa ijae kabla ya kutenga eneo la shule. Baadaye hulazimika kulipa fidia, kwa fedha ambazo zingejenga vyoo na kununua madawati.