Coaster ya Buyenzi kwenye reli ya Kigoma

Juzi nilikuwa gereji moja ya Buyenzi nikingoja gari la rafiki yangu lifungwe breki. Fundi alikuwa chini ya Coaster iliyotolewa ekseli ya mbele. Akachomoza kichwa, akaniuliza: "Kaka, wewe unayeandika mambo ya Jumuiya, basi kama hili haliwezi kutembea kwenye reli ya Kigoma?" Waliokuwa karibu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jambo hilo limeshafanyika.

Huko Japani, tangu tarehe 25 Desemba 2021, reli ndogo ya Asa katika kisiwa cha Shikoku inatumia Toyota Coaster zilizobadilishwa. Basi likifika stesheni, magurudumu ya chuma yanashuka, tairi za mbele zinanyanyuka, na tairi za nyuma zinaendelea kulisukuma juu ya reli. Upana wa reli ile ni milimita 1,067. Reli ya Kati ya Tanzania, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, ni milimita 1,000. Tofauti haizidi upana wa vidole vinne.

Sisi wa Bujumbura hatuna reli, lakini ile ya Kigoma imetulisha miaka mingi. Mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji maeneo katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya huku ipite. Mzigo ulishuka kwenye treni Kigoma, ukapanda meli, ukafika Usumbura, jina la zamani la mji huu.

Sasa tunaambiwa tusubiri reli ya kisasa. Agosti 2025 ujenzi wa njia ya Uvinza hadi Musongati ulizinduliwa, nami nimeufurahia kama wengine. Ila tazameni ramani: Musongati kuna nikeli. Reli ile itaangalia kwanza madini na makontena. Mama anayetoka soko la Cotebu na mabunda ya vitenge, akarudi na chumvi ya Uvinza au dagaa, anahitaji gari dogo linalosimama kila stesheni na kupita kila siku. Treni ya abiria ya Kigoma haipiti kila siku.

Tusidanganyane, kazi ipo. Basi lina gia moja tu ya kurudi nyuma, na kwenye reli hakuna mahali pa kugeuzia gari. Donegal, Ireland, katika miaka ya 1930, walikuwa na mabasi ya namna hii kwenye reli nyembamba, na waliyageuza kwa meza ya kuzunguka mwisho wa njia. Sri Lanka wao waliunganisha mabasi mawili mgongo kwa mgongo, dereva akakaa upande wowote safari inapoelekea. Mimi ningechukua la Sri Lanka. Breki nazo zina shida yake: chuma juu ya chuma huteleza, hasa asubuhi ya mvua, na ng'ombe wa njiani hawajui ratiba. Tena njia ni moja. Basi likikutana na treni ya mizigo, hakuna pembeni pa kukimbilia. Kwa hiyo mabwana stesheni walipe ruhusa kama treni kamili, hata kama lina abiria kumi.

Halafu kuna magunia. Coaster ya Japani inabeba watu 20 hivi, wengi wao watalii wenye vibegi. Mfanyabiashara wetu mmoja mwenye magunia matatu ni sawa na abiria wanne. Bila kibehewa cha mizigo cha kuvutwa nyuma, mradi mzima ni mchezo wa kupigia picha.

Fundi wangu asinichukie, lakini kazi hii haichomelewi Buyenzi. Mahali pake ni karakana ya reli ya Morogoro, na LATRA waikague kabla abiria wa kwanza hajapanda. Mafundi wetu waende kujifunza huko. Mafuta tunayoyapangia foleni hapa mjini yangefika mbali zaidi kwenye gurudumu la chuma.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi. SGR ya Tabora hadi Kigoma ikikamilika, njia ya zamani itapewa nani? Ikiachwa ikaota nyasi, mataruma yataanza kuondoka usiku, na hakuna atakayeirudisha. Wafanyabiashara wa Burundi na wa Kigoma waandike barua moja kwa Shirika la Reli Tanzania sasa hivi, waombe jaribio la basi moja kati ya Kigoma na Uvinza. Stesheni ya Kigoma awepo pia afisa wa forodha mwenye fomu za utaratibu rahisi wa Jumuiya, ule wa bidhaa zisizozidi dola 2,000. Bila yeye, muda tuliouokoa njiani tutaumalizia kwenye foleni.

Nimemwahidi fundi kumpelekea picha za Coaster za Japani. Amesema za juu hana haja nazo, anataka kuona chini.